Nilishukuru, jirani akaacha kunisalimia

Shikamoo Shangazi.

Naandika kutoka Nkuhungu, hapa hapa Dodoma. Nina miaka 36, ni mama wa watoto watatu, na kazi yangu ni mama lishe. Kibanda changu kipo mjini jirani na chuo, wateja wangu karibu wote ni wanafunzi. Nina jambo linaninyima usingizi na sina wa kumweleza, maana mtu niliyekuwa namweleza mambo yangu yote ndiye huyo tuliyekosana.

Mume wangu ni dereva wa watalii. Amekaa Arusha miaka tisa. Anapeleka wageni Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, na nyumbani huja kwa kudokoa tu: wiki moja ya Krismasi, siku chache za masika wageni wakipungua. Mtoto wetu wa mwisho ana miaka minne na nusu. Alikuwa akimwita “baba wa kwenye simu”. Ukimuuliza baba yako yuko wapi, anakuonyesha simu yangu.

Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alipotangaza tarehe 16 Machi mwaka huu wa 2020 kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona nchini amepatikana, tena yuko Arusha, nilimpigia mume wangu usiku ule ule mikono ikitetemeka. Kesho yake Waziri Mkuu akafunga shule, na siku iliyofuata vyuo. Wanafunzi waliondoka na mabegi yao. Mimi niliyekuwa napika kilo kumi na tano za mchele kwa siku nikajikuta naangalia wali wa kilo tatu unalala. Nikafunga kibanda. Upande wa mume wangu wageni walifuta safari mmoja baada ya mwingine, tajiri wake akawaambia madereva wapumzike mpaka hali itulie, bila mshahara. Ijumaa ya tarehe 27 Machi akapanda basi, akaja kwa njia ya Babati na Kondoa, akashuka na begi moja na ile darubini yake ya kutazamia wanyama ikiwa shingoni.

Shangazi, fedha hakuna, lakini sijawahi kuwa na furaha kama hii tangu niolewe. Watoto amewafundisha majina ya ndege wote wanaotua kwenye mwarobaini wetu. Wanapokezana darubini kutwa nzima. Yule mdogo hashuki mgongoni kwa baba yake. Na mume wangu saa kumi alfajiri ameshaamka, kama alivyozoea safarini, anafagia uwanja wote mpaka upande wa jirani. Nikitoka nje nakuta michirizi ya ufagio imelala sambamba kama matuta. Mama mkwe ametutumia karanga, maboga na mlenda mkavu kutoka Mvumi. Tunakula, tunacheka.

Sasa jirani yangu. Nitamwita Mama Zuhura. Ni Mrangi wa Kondoa, ni mjane, tumeishi ukuta kwa ukuta miaka saba. Ana tangi kubwa uani na anauza maji, maana kwetu bomba hutoka kwa mgao. Tangi hilo alinunuliwa na kaka yake wa Dar es Salaam baada ya kufiwa na mume, ili apate cha kumsogeza. Shule zilipofungwa tu, Mama Zuhura alichukua ndoo ya rangi, akaitoboa kwa msumari uliochomwa moto, akafunga koki, akatia kipande cha sabuni kwenye wavu wa vitunguu na kuuning'iniza pembeni. Akaiweka njia panda ya mtaa wetu kila apitaye anawe. Koki inavuja, ameifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, lakini inafanya kazi. Na mimi alipoona nimefunga kibanda, akaniita akaniambia, “Mama Neema, maji usinilipe mpaka watoto warudi shule.” Madumu mawili kila asubuhi.

Tuna kikoba cha wanawake ishirini wa mtaa. Kukutana tumeacha, hisa tunatuma kwa simu, na mazungumzo ni kwenye kundi la WhatsApp. Rais alipoomba Watanzania tufanye maombi siku tatu, tarehe 17 mpaka 19 Aprili, kila mtu kwa imani yake, tulikubaliana kwamba Jumapili jioni kila mmoja aandike kitu anachoshukuru. Mimi nikaandika kwa moyo mweupe: “Namshukuru Mungu kwa kipindi hiki. Wengine wanalia, ila mimi korona imenirudishia mume wangu.” Nikaweka na maua matatu. Wenzangu wakaitikia amina, amina. Halafu nikaona yale maandishi madogo ya katikati yanayosema Mama Zuhura ametoka kwenye kundi.

Toka siku hiyo hanisalimii. Akiniona anageuza uso. Lakini Shangazi, hapa ndipo ninapochanganyikiwa kabisa: kila asubuhi madumu yangu mawili nayakuta yamejaa, yamewekwa kwenye michongoma kama kawaida. Hajaacha hata siku moja. Mume wangu anasema niachane naye, ana wivu wa kuona mwenzie ana mwanaume ndani. Mimi naona aibu hata kuyachukua hayo maji.

Nimesahau kukueleza kwamba Alhamisi ya wiki ile ile, tarehe 16, alifiwa na kaka yake Dar. Alipata shida ya kupumua, wakamzika haraka na watu wachache, yeye hakuwahi kwenda. Sisi wa kikoba tulimtumia rambirambi kwa simu.

Je, ni dhambi kufurahi wakati kama huu? Nimweleze kwamba sikuwa na maana mbaya? Na maji yake niache kuyachukua?

Mama Neema, Nkuhungu

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilianzia mwisho. Huko mwisho ndiko ulikoandika “nimesahau kukueleza”. Ulinieleza darubini, ukanieleza michirizi ya ufagio, wavu wa vitunguu, mpaka maua matatu. Msiba wa jirani yako ukaja baada ya yote, kama kitu kilichodondoka mfukoni wakati unaondoka. Sikulaumu, maana siku hizi sote vichwa vimejaa. Ila wewe unadhani uliteleza Jumapili kwenye simu. Mimi naona uliteleza Alhamisi.

Hebu fikiri ingekuwa mwaka mwingine wowote. Kaka yake Mama Zuhura afariki Alhamisi, usiku ule ule wewe ungekuwa uani kwake, kanga moja kichwani na nyingine kiunoni. Ungelala chini kwenye mkeka pamoja na wanawake wenzio. Yeye angepakiwa kwenye basi kwenda kuzika, au kama hakuwahi, asingekosa watu mia wa kumlilia hapa hapa. Wewe mwenye mkono wa kupika ungeshika mwiko asubuhi na hakuna ambaye angelala njaa pale. Na Jumapili, siku ya tatu, ndiyo matanga yangeanuliwa. Jumapili ile ile uliyoandika wewe.

Mwaka huu hakupata hata kimoja. Hakumwona kaka yake akioshwa, hakumwona akishushwa. Kwenye mkeka hakuja mtu kwa sababu tumeambiwa tusikusanyike, na ni kweli tusikusanyike. Akabaki na ujumbe wa muamala kwenye simu na mlio wa watoto wako wakihesabu ndege upande wa pili wa ukuta. Halafu siku ya tatu simu ikalia tena, akafungua, akakuta jirani yake anashukuru korona.

Mimi sijui kilichomuua yule kaka, wewe pia hujui, na tusikisie. Lakini mwezi huu mtu akiambiwa ndugu yake alishindwa kupumua, jina linalomjia kichwani ni moja. Ndilo hilo ulilolishukuru.

Kwa hiyo hapana, hana wivu. Mwanamke mwenye wivu hajazi madumu ya mtu usiku na kuyabeba mpaka kwenye michongoma. Naomba neno hilo lisitoke tena ndani ya nyumba yako, hata kwa utani, hata mkiwa wawili chumbani, kwa sababu watoto wanasikia na watoto wa ukuta kwa ukuta huhamisha maneno.

Sasa swali lako la kwanza. Kufurahi si dhambi. Mtoto aliyekuwa anaonyesha simu akiulizwa baba yake leo yuko mgongoni kwa baba mwenyewe, na ukitaka kumficha Mungu furaha hiyo sijui utamwonyesha nini kingine. Furahi. Mimi mwenyewe mezani kwangu Miyuji nina furaha zangu ndogo ambazo mwaka jana sikuwa nazo, wajukuu wangu wananipigia simu kila jioni kwa kuwa hawawezi kuja, na wananieleza mambo ambayo wangekuwepo wasingenieleza.

Ila korona haijakutendea jema hata moja. Aliyepanda basi ni mume wako. Angeweza kubaki Arusha, akajificha huko na aibu yake ya kukosa kazi, wapo wanaume wengi waliofanya hivyo. Yeye akachagua kurudi mikono mitupu. Aliyewalisha ni mama mkwe wako, ambaye mvua hizi nyingi za mwaka huu hazikumlimia zenyewe, aliinama mwenyewe. Aliyewanywesha ni Mama Zuhura. Niliutazama ujumbe wako mfupi nikimtafuta hata mmoja wao na sikumwona. Umeshukuru kipindi, watu hukuwagusa.

Tena kuna jambo umeliandika mwenyewe na nadhani hukulisikia. Lile tangi lilinunuliwa na kaka yake. Huyo huyo aliyezikwa haraka na watu wachache. Tangu mwezi Machi wewe na watoto wako mnakunywa, mnapika na kunawa kwa mkono wa marehemu. Na kwa wenzetu Waislamu kutoa maji ni sadaka kubwa, hasa ikitolewa kwa ajili ya aliyetangulia. Siwezi kuusemea moyo wa mtu, lakini ningekuwa wewe ningefikiri kwamba yale madumu asubuhi hayaji tu kwa ajili yako. Huenda ndiyo matanga pekee anayoweza kumfanyia kaka yake, na michongoma yako ndiyo mahali anapoyafanyia. Usithubutu kuacha kuyachukua.

Nikueleze kidogo habari ya bibi yangu mzaa mama. Alizaliwa upande wa Bahi, na alikuwa binti wa miaka kumi hivi wakati wa Mtunya. Vijana wengi siku hizi hawajui jina hilo. Vita Kuu ya Kwanza ilipopita Ugogo, majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nayo ikakata. Njaa iliyofuata, kuanzia 1917 mpaka 1920, ndiyo Wagogo waliyoiita Mtunya, na katikati yake, 1918 kuelekea 1919, ukaingia ule ugonjwa wa mafua uliozunguka dunia nzima. Nyumba ya bibi iliugua karibu yote. Jirani yao alikuwa amebakiwa na ng'ombe mmoja. Kila baada ya siku mbili aliacha kibuyu kidogo cha maziwa nje ya mlango wa tembe yao, akapiga ukuta kwa fimbo na kuondoka bila kuingia, kwa sababu naye alikuwa na watoto na aliuogopa ugonjwa.

Bibi alipona. Alipokuja kuwa na mji wake, kila mwaka wa mavuno, kabla sisi hatujaonja, ungo wa kwanza wa uwele ulikwenda nyumba ile. Mwenye kibuyu alikuwa ameshakufa zamani, mke wake pia. Walikuwepo wajukuu tu, ambao hawakujua hata ule uwele ni wa nini. Mimi ndiye niliyekuwa naubeba kichwani, na njia ilikuwa ndefu kwa mtoto. Siku moja nikamuuliza, bibi, hawa si wana uwele wao? Akaniambia, “Wanao. Beba.” Alifanya hivyo mpaka alipofariki mwaka 1983.

Basi na wewe utabeba. Nenda kwake, mwenyewe, kwa miguu. Usimtumie ujumbe, usimtume mtoto, usimtangulize mwenyekiti wa kikoba. Sasa ni Ramadhani na mchana wake una kazi, mwendee asubuhi kama saa nne, kabla hajaanza shughuli za futari. Pita kwanza kwenye ile ndoo ya njia panda unawe, akuone unanawa. Vaa barakoa. Usiingie ndani, omba vigoda viwili chini ya mti, kaeni mbali kama tunavyoelekezwa. Siku hiyo usibebe sahani wala kitu chochote mkononi. Chakula kikitangulia maneno kitaonekana kama malipo, na yeye alishakwambia hataki kulipwa.

Anza na Alhamisi, usianze na Jumapili. Mwambie: “Mama Zuhura, nimekuja kukupa pole ya kaka. Ulilia ukuta mmoja na mimi nikakaa kwangu.” Halafu nyamaza. Najua utatamani kuongeza kwamba tulikatazwa kukusanyika, kwamba rambirambi ulituma, kwamba hukuwa na maana mbaya. Meza yote hayo. Anajua kwamba hukuwa na maana mbaya, ndiyo maana maji hajakata. Kilichomuuma ni kwamba hukumfikiria kabisa, na ukianza kujieleza utakuwa bado unajifikiria wewe.

Akinyamaza, nyamaza naye. Akilia, mwache alie, na usimsogelee hata kama mikono inakuwasha kumkumbatia. Hilo litakuwa gumu kuliko yote, nalijua, sisi hatukufundishwa kutoa pole kwa mbali. Akianza kusema, muulize kaka alikuwa mtu wa namna gani. Hakuna aliyemuuliza, nina hakika. Matangani ndipo tunaposimulia marehemu alivyokuwa mcheshi, alivyopenda kula nini, siku alipoanguka na baiskeli. Huyu wa kwake amekwenda bila kusimuliwa. Kaa usikilize mpaka amalize, hata kama maharage yanaungua nyumbani, mume yupo, ataepua.

Ukiona moyo umelainika, ndipo umwambie la Jumapili, kwa sentensi mbili zisizo na “ila” ndani yake. “Nilichoandika kilikuumiza. Naomba unisamehe.” Na mshukuru kwa maji, kwa kuyataja: madumu mawili, kila asubuhi, tangu wiki ile ya kufunga shule. Mtaje na kaka yake hapo hapo, kwamba tangi lake limewanywesha watoto wako. Nadhani hilo ndilo atakaloenda nalo ndani.

Inawezekana asikujibu siku hiyo. Inawezekana akasema “haya” tu na kuinuka. Usirudi nyumbani umevunjika. Kesho yake jioni ndipo upeleke futari. Umesema fedha hakuna, lakini maboga ya Mvumi unayo na karanga unazo. Boga lililopikwa kwa karanga za kutwangwa ni futari ya heshima kabisa, na mkono wako ni wa biashara, sina haja ya kukufundisha. Funika, peleka kabla ya magharibi, acha mlangoni, salimia, ondoka. Usifanye kila siku mpaka ikawa mzigo kwake wa kurudisha vyombo. Mara moja moja inatosha.

Na kama familia yao wanasoma arobaini, hesabu inaangukia karibu kabisa na Idi, mwisho mwisho wa Mei. Muulize mapema. Watu watakuwa wachache, lakini hata watu kumi wanakula. Mwambie sufuria za kibanda chako ziko tupu na zinamngoja yeye. Ule mwiko ambao hukuushika Aprili utaushika siku hiyo.

Suala la kundi liwe la mwisho. Mkishaonana, siyo kabla, andika pale palipokuwa na maua matatu kwamba Jumapili ile ulikosea, kwamba ulisahau kuwashukuru watu, na uwataje. Mstari mmoja wa mume, mmoja wa mama mkwe, mmoja wa jirani aliyekupa maji kwenye msiba wake mwenyewe. Usimwombe mtu amrudishe kwenye kundi. Atarudi akitaka.

Nilitaka kuishia hapa, lakini ufagio umenikatalia.

Umeniandikia kwamba mume wako anaamka saa kumi alfajiri kama alivyozoea safarini, anafagia uwanja wote na kuvuka mpaka kwa jirani, na wewe umelipenda jambo hilo. Mimi lilinishtua. Mwanangu, mwanaume ambaye hana safari, hana gari, hana mgeni wa kumpeleka getini alfajiri, kwa nini yuko macho saa kumi? Miaka tisa saa hiyo alikuwa anapima mafuta ya injini na kufuta vioo. Katikati ya Aprili ndege za abiria kutoka nje nazo zimesimamishwa, na hakuna aliyemwambia lini wageni watarudi. Amefika na begi moja. Huenda anafagia kwa sababu mikono yake haijui pa kukaa. Anafagia mpaka pale uwanja unapoisha, halafu anaendelea.

Hujaniambia kama analala. Hujaniambia kama mmekaa mkazungumza fedha iliyobaki, ada, deni la kikoba. Na uliposema mbele ya wanawake ishirini kwamba korona imekurudishia mume, na yeye alikuwa mle ndani ya sentensi yako. Kilichomrudisha wewe unakishukuru, yeye kimemtoa kazini. Sisemi amekukasirikia. Lakini kule kumwita mama wa watu mwenye wivu kwa haraka vile, mimi nasikia mtu ambaye naye ameumia na hajui amwambie nani.

Kesho akiamka saa kumi, amka naye. Chemsha chai ya tangawizi kama ipo, kama haipo ya rangi tupu, ukae naye nje kabla watoto hawajaamka. Usimwambie jinsi unavyofurahi, ameshaona. Muulize anaiwaza Arusha vipi. Muulize gari alilokuwa akiliendesha liko wapi sasa, nani analiwasha. Madereva huwaza magari yao kama wafugaji wanavyowaza mifugo. Akisema anaogopa, usimkimbilize kwenye neno la faraja. Mwache aogope kidogo mbele yako, huko Arusha alikuwa anaogopa peke yake. Mkishamaliza hapo ndipo umshukuru kwa kupanda lile basi. Kwa maneno hayo hayo: asante kwa kupanda basi.

Kisha umpe kazi ya mikono. Amezoea spana na uzi wa kuzibia, na nyie mna koki inayovuja njia panda, imefungwa kwa mpira wa tyubu. Aende aifungue, aisafishe, aifunge vizuri. Asubuhi atakayoamka tena saa kumi, ayachote yeye yale maji ya kujaza ndoo ya mtaa, ili mjane wa watu asiyabebe gizani. Haina haja aseme neno. Mama Zuhura akitoka akaikuta koki imekauka chini, atajua ni mkono wa nani.

Niandikie baada ya Idi. Na wanao wakimaliza ndege wa mwarobaini, waambie bibi yao wa gazetini anauliza kama wamemwona kipanga.

Shangazi